Kijana wa Usoke Hana Uzoefu?

Usoke hakuna kijana asiyefanya kazi. Ukishuka hapo kwenye treni ya Kigoma, kilomita hamsini na kitu magharibi ya Tabora, utamwona anayeziba pancha, anayesukuma baiskeli yenye magunia ya mkaa, anayepitisha karanga za kuchemsha madirishani mwa behewa, binti anayeshona sare za shule barazani, na bodaboda wa deiwaka ambaye jioni lazima apeleke hesabu kwa tajiri. Mvua zikianza, wengi wa hao wanahamia kwenye tumbaku mpaka Aprili. Kwa hiyo nikisikia kwenye semina kwamba tatizo la vijana wetu ni kukosa uzoefu wa kazi, huwa najiuliza hao vijana wanaosemwa wanaishi mkoa gani.

Mpe mmoja wao fomu ya kuomba kazi, hata ya ukarani wa msimu. Akifika kwenye mstari wa uzoefu, ataandika "sina". Hadanganyi. Ndivyo alivyofundishwa kuhesabu.

Hapo ndipo ninapoona mzizi wa suala la ushauri wa taaluma katika wilaya kama Urambo, ilipo Usoke. Kazi zipo, tena nyingine zinahitaji akili nyingi, lakini hakuna aliyepewa wajibu wa kumweleza anayezifanya kwamba anachokifanya kina jina, kina elimu yake, kina chuo chake, na kuna mahali kinaelekea. Ushauri wowote utakaoletwa huku bila kuanzia hapo utaishia kuwa bango la daktari na rubani kwenye ukuta wa ofisi ya mwalimu mkuu. Mabango hayo tayari tunayo.

Chukua bani la tumbaku. Tumbaku ya Tabora ni ya mvuke: jani halikaushwi kwa moshi kama la Ruvuma, linakaushwa kwa joto linalopita kwenye mabomba ndani ya bani, moto ukiwa umewashwa kwa nje. Kazi hiyo huchukua kama juma zima, usiku na mchana, na anayelala bani ni kijana. Siku za mwanzo anatakiwa kuweka joto la chini, nyuzi 38 hivi, na unyevu wa kutosha, ili jani lipate muda wa kugeuka njano likiwa bado hai. Akiharakisha, rangi ya kijani inagandia humo humo na haitoki tena. Akichelewa, jani linaungua kahawia. Likishageuka anapandisha joto kidogo kidogo na kufungua matundu ya hewa, akaushe kwanza bapa la jani, kisha amalize na mshipa wa kati, ambao hautoi maji yake mpaka joto likaribie nyuzi 70. Wapo wenye kipimajoto. Wapo ambao kipimajoto chao kilivunjika misimu kadhaa iliyopita na sasa wanakwenda kwa harufu, kwa kushika jani, na kwa kusikiliza linavyolia mkononi.

Hicho anachokifanya ni kemia ya mmea na ni fizikia ya joto na unyevu, vitu vile vile ambavyo shuleni aliviona ubaoni akavikimbia. Usimamizi wa hatari umo pia, maana bani likishika moto limekwenda na mkopo wa pembejeo. Ukimuuliza, atakwambia alikuwa "anachochea tu".

Nani amewahi kumwambia kwamba yupo mtaalamu anayelipwa kuchunguza hayo hayo katika Taasisi ya Utafiti wa Tumbaku, TORITA, pale pale Tabora? Sokoni anamwona mteuzi wa Bodi ya Tumbaku akipita kati ya mitumba, akitia daraja moja hapa na jingine pale, na anajua kabisa kwamba tofauti ya daraja moja inaweza kumla baba yake ada ya mwaka, kwa sababu bei yenyewe inapangwa kwa dola kwa kilo na madaraja ni makumi kwa makumi. Lakini mteuzi kwake ni mtu wa serikali aliyeshuka kwenye gari. Hajaelezwa kwamba uteuzi ni fani, watu huusomea, na kwamba yeye aliyepanga majani kwa rangi na urefu tangu akiwa darasa la nne ameshavuka sehemu ngumu. Karani wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, naye anamwona kama mtu wa koneksheni. Kwamba uhasibu wa ushirika unafundishwa Moshi, katika chuo kilichoanzishwa mwaka 1963 ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Ushirika, hilo atalisikia kwa bahati, kama atalisikia.

Na hii ni tumbaku peke yake. Sijagusa nyuki, ambao wako kwenye miombo ya Unyamwezi kabla ya tumbaku na kabla ya reli. Tabora ina ushirika wa wafuga nyuki ulioandikishwa mwaka 1962, na ina chuo cha ufugaji nyuki kinachotoa cheti na stashahada. Kijana wa Usoke aliyekulia chini ya mizinga ya magome anaweza kumaliza kidato cha nne bila kujua kwamba chuo hicho kipo, ingawa kipo umbali wa safari ya asubuhi.

Kabla sijaendelea, kuna jambo lazima niliseme wazi, maana wapo watakaodhani nawatetea wanaowatoa watoto shuleni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mtoto wa chini ya miaka 14 haajiriwi, na aliye chini ya miaka 18 hawekwi kwenye kazi ya hatari. Sheria ya Mtoto ya 2009 inarudia hayo hayo. Tumbaku ni kazi ya hatari: nikotini ya jani bichi hupenya ngozini, na anayevuna asubuhi majani yakiwa na umande anaweza kulala na kutapika na kizunguzungu asijue kimetoka wapi. Mkoa wa Tabora umetajwa kwa miaka mingi katika mijadala ya utumikishwaji wa watoto, na umetajwa kwa haki.

Lakini angalia jinsi tulivyolishughulikia jambo hilo. Sehemu kubwa ya nguvu iliwekwa kwenye kuwatoa watoto shambani, na ni sawa. Swali la wanakwenda wapi wakishatoka lilipata majibu machache. Mradi wa PROSPER, ulioendeshwa na shirika la Winrock katika Urambo na Sikonge kuanzia mwaka 2011, ulijaribu kulijibu: uliwakusanya wa miaka 14 hadi 17 kwenye mashamba darasa wajifunze kilimo na ufugaji kwa njia salama, wakiwa na mwalimu na ratiba. Nauona ndio mfano wa karibu zaidi wa mafunzo ya kazi yaliyofikiriwa kwa ajili ya kijana wa huku hasa. Shida yake ni shida ya miradi yote. Mfadhili akiondoka, shamba darasa linabaki shamba.

Zamani nchi hii ilikuwa na utaratibu wake. Sisemi ulikuwa mzuri wote. Karne ya 19, njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilifika Unyanyembe, ilipo Tabora ya leo, ikaendelea magharibi kwenda Ujiji kupitia nchi hii ambayo baadaye mtemi Mirambo aliitawala. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu waliofanya kazi kwa ujira. Alfred Swann, mmisionari wa London aliyefika katika njia hiyo miaka ya 1880, aliandika kwamba kijana wa Kinyamwezi hakuruhusiwa kuoa kabla ya kubeba pembe mpaka pwani na kurudi na mzigo wa nguo au waya. Na hakuanza na mzigo wa frasila mbili. Alianza mtoto, na kipande kidogo cha pembe begani, azoee. Safari ya kwanza alibeba mkeka na sufuria za wakubwa. Baadaye mzigo kamili. Mwenye akili na sauti alifika kuwa kirangozi, anayetangulia mbele ya wote, na mwenye kujua kupatana na watu na machifu wa njiani akawa mnyapara.

Katika misafara hiyo watu walikufa kwa ndui na kwa njaa, na pembe hizo zilitembea njia moja na watumwa. Hakuna anayetaka kuirudisha. Ninachokitazama ni kwamba kijana wa Usoke ya mwaka 1870 alijua yuko daraja gani, la juu yake linaitwaje, nani amelishika, na afanye nini ili alifikie. Kijana wa leo anachochea bani misimu minne na msimu wa tano ni ule ule.

Sasa twende shuleni. Kila sekondari inatakiwa kuwa na mwalimu wa ushauri na unasihi. Mwalimu huyo ndiye huyo huyo mwenye vipindi vya Kiingereza mikondo mitatu, mwenye zamu, na mwenye kesi za utoro na mimba. Akipata nafasi ya kuzungumza taaluma ni kwenye mahafali au siku ya kujaza selform, fomu ambayo mwanafunzi wa kidato cha nne huandika tahasusi na vyuo anavyovitaka. Zamani kazi hiyo ilikuwa nyepesi kidogo kwa sababu tahasusi zilikuwa 16, na za shule za jirani zilikuwa PCB, HGL, EGM, basi. Machi 2024 Serikali ilitangaza tahasusi mpya 49, jumla zikawa 65: za michezo, za muziki, za dini, za lugha ya Kichina, za kompyuta. Ni jambo zuri. Ila uchaguzi wa vitu 65 bila mtu wa kukueleza ni bahati nasibu.

Usidhani kwamba kwa kuwa mwalimu hana muda basi hakuna anayeshauri. Yupo. Ni kijana wa kibanda cha kopi. Matokeo yakishatoka, mfumo wa TAMISEMI hufunguliwa ili wahitimu wabadilishe machaguo, na huku wengi hawana simu ya kufanyia kazi hiyo, hivyo wanakwenda kibandani. Nilikaa kwenye benchi la kibanda kimoja hivyo mwezi Machi nikisubiri barua yangu ichapwe. Aliingia mvulana mwenye viganja vyeusi vya utomvu wa tumbaku, ule usiotoka kwa sabuni ya kawaida. Alinisalimia shikamoo, akamgeukia mwenye kibanda.

"Kaka, nataka kubadilisha."

"Umepata ngapi?"

"Three ya 24."

"C zako ziko wapi?"

"Bios, Jiografia, Kiswahili na Historia."

"Weka HGK. Hiyo haisumbui."

Dakika tano, shilingi elfu mbili, kazi imekwisha. Mwenye kibanda hakukosea kwa alivyoulizwa. Alama zinakubali HGK, naye alitaka kumsaidia. Lakini hakuuliza viganja vile vimetoka wapi, na haikuwa kazi yake. Mvulana mwenye C ya Biolojia, anayekausha tumbaku, anayetoka wilaya ya nyuki, alikuwa na mlango wa vyuo vya kilimo, misitu na nyuki uko wazi mbele yake. Labda angeukataa. Labda anapenda historia kweli. Nilitamani akatae baada ya kuujua.

Najua pingamizi linalokuja hapa, na ni zito kuliko yote. Ukimwambia mtoto wa Usoke habari za nyuki na tumbaku, na mtoto wa Masaki habari za udaktari na sheria, si umeshawagawa? Pingamizi hili lina historia. Miaka ya 1920 watawala wa kikoloni walihubiri elimu inayomfaa Mwafrika wa kijijini, maana yake jembe na useremala, baada ya tume ya Phelps-Stokes kupita Afrika Mashariki mwaka 1924. Wakati huo huo, pale Tabora, walijenga shule kwa ajili ya watoto wa machifu, na huko hawakufundishwa kuridhika na jembe. Walifundishwa kutawala. Julius Nyerere aliingia shule hiyo mwaka 1937 akiwa mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Mkoa mmoja, serikali moja, ushauri wa taaluma wa aina mbili, na kilichoamua upewe upi ni ukoo wako.

Kwa hiyo sitaki ushauri unaomfungia mtu kijijini kwao. Mtoto wa Usoke anayetaka udaktari ana haki ya kuelezwa udaktari kwa hesabu kamili: alama gani, tahasusi gani, miaka mingapi, mkopo wa HESLB unaombwa lini na kwa nyaraka zipi, na wangapi huomba nafasi ngapi. Bango halisemi hayo. Bango linasema "Timiza Ndoto Zako". Ninachopinga ni ushauri unaotaja taaluma tano za mbali kwa maneno matamu na kukaa kimya juu ya taaluma ishirini zilizo chini ya pua. Mwenye kujua zote mbili ndiye aliyeshauriwa.

Nchi imeshajaribu kuunganisha shule na kazi mara kadhaa, na inafaa tukumbuke majaribio hayo yalikwama wapi. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule iwe na shamba ambalo mwanafunzi anajifunzia kupanga, kuzalisha na kugawana. Waliosoma miaka ya baadaye wanajua shamba la shule lilivyogeuka kuwa mahali pa kupelekwa waliochelewa namba. Miaka ya 1970 ikaja michepuo: sekondari ya kilimo, ya ufundi, ya biashara, ya sayansi kimu. Kisha Azimio la Musoma la Novemba 1974, ambalo leo wengi hulikumbuka kwa elimu ya msingi kwa wote tu, liliamua pia kwamba mtu asiende chuo kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Akamalize jeshi la kujenga taifa, afanye kazi angalau miaka miwili, na mwajiri amwandikie kwamba anafaa.

Kwa karatasi, ule ulikuwa uamuzi wa kijasiri kuliko wowote uliowahi kuchukuliwa katika ukanda huu juu ya uzoefu wa kazi. Ulilegea ndani ya miaka michache. Wasichana walipungua mno vyuoni, kwa sababu miaka miwili ya kusubiri kwa binti wa wakati ule ilikuwa miaka miwili ya kuozeshwa, wakaruhusiwa kupita moja kwa moja. Fani za sayansi na uhandisi nazo zikakosa watu. Na ile barua ya mwajiri ilimweka kijana mikononi mwa bosi mmoja. Nasoma hapo mafunzo ambayo wapangaji wa leo hawapendi kuyasikia: uzoefu wa kazi ukiufanya kuwa kizuizi, wa kwanza kuumia ni wasichana, na mwenye kutia saini akiwa mmoja, saini inageuka bidhaa.

Sasa tuko kwenye jaribio jingine. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeigawa sekondari mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Shule zilizoteuliwa zilianza kupokea kidato cha kwanza cha amali Januari 2024, ina maana wa kwanza wao watafanya mtihani wa kidato cha nne mwishoni mwa 2027, wakitarajiwa kutoka na cheti cha shule na cheti cha ufundi kinachosimamiwa na NACTVET. Naiunga mkono sera hii. Wasiwasi wangu uko karakana. Ufundi wa magari bila gari, ushonaji wenye cherehani nne kwa wanafunzi arobaini, umeme unaofundishwa kwa mchoro: hapo mzazi wa Usoke, ambaye si mjinga, atampeleka mwanawe mkondo wa jumla, na mkondo wa amali utabaki wa waliofeli. Vyuo vya VETA Tabora na Ulyankulu, na vyuo vya maendeleo ya wananchi ambavyo vilianza mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa Sweden, vina mashine ambazo sekondari hazitazipata leo wala kesho. Ratiba moja ya kushirikiana ingeokoa fedha nyingi.

Nje kuna ya kujifunza, kwa tahadhari. Uingereza tangu 2014 wana vigezo 8 vya ushauri mzuri wa taaluma, vilivyoandaliwa na John Holman kwa ajili ya wakfu wa Gatsby, na kimojawapo kilitaka kila mwanafunzi awe amekaa mahali pa kazi angalau mara moja kabla ya kufika miaka 16. Nilipokisoma nilicheka kidogo. Kwao tatizo ni kumtoa mtoto darasani aione kazi. Kwetu anaiona kila siku. Hajapata wa kumtafsiria. Kenya wameanza sekondari ya juu ya mtaala mpya Januari 2026, wanafunzi wakiwa wameshachagua njia moja kati ya tatu tangu darasa la tisa, na malalamiko ya wazazi wao yanafanana sana na yale ya benchi la kibanda cha kopi.

Turudi kwenye kalenda, kwa sababu humo kuna nafasi ambayo sioni ikitumika. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba. Matokeo hutoka Januari. Machaguo hubadilishwa Machi na Aprili. Kidato cha tano huanza Julai. Ni kama miezi minane ambayo kijana si mwanafunzi wa mtu na si mfanyakazi wa mtu, na kwa Usoke miezi hiyo ndiyo ya kupandikiza, kuvuna, kukausha na kufungua masoko. Wasichana wengi huolewa humo. Wavulana wengi huzama kwenye vibarua wakasahau kabisa kwamba kuna dirisha la kubadilisha tahasusi. Ukiniuliza uzoefu wa kazi uwekwe wapi, nitasema hapo, na si katikati ya muhula unaomkimbiza mwalimu.

Uwe wa namna gani? Wiki sita hadi nane, kwa posho ya nauli na chakula, kwenye sehemu zisizo za hatari kwa ambao hawajafika miaka 18: mizani na vitabu vya AMCOS, karakana ya mizinga, gereji, zahanati, stesheni, ofisi ya kata. Mwenye miaka 18 aingie hata bani, akiwa na glavu na kipimajoto kizima. Kila mmoja awe na daftari lenye mambo aliyoyafanya, likisainiwa na fundi pamoja na mtu wa pili asiye wa fundi, tukizingatia yale ya Musoma. Kisha Machi inapofika akakae na mtu mmoja aliyesoma daftari lile, ndipo aguse mfumo wa TAMISEMI.

Daftari pia lisiishie sandukuni. VETA tayari ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa: fundi anapimwa kwa vitendo, mapungufu yanazibwa kwa mafunzo mafupi, anapewa cheti. Umewafaa waashi na mafundi magari wengi waliokuwa mtaani miaka mingi. Saidia fundi wa Usoke akianza kuandikiwa mapema, hatasubiri mpaka awe na mvi ndipo apimwe.

Kuna na reli. Njia ya zamani ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, na Chuo cha Reli kipo Tabora mpaka leo. Desemba 2022 ulisainiwa mkataba wa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, na kampuni za Kichina, katika ushoroba unaopita Urambo na Kaliua. Urambo iliwahi kupata mradi mkubwa wa kigeni. Mwaka 1947 ulikuja mpango wa karanga wa Waingereza, na matrekta yake, na mwaka 1951 ukafa ukiwa umemeza pauni milioni 36 pamoja na Kongwa na Nachingwea. Safari hii tuwe na hesabu tofauti ya kuuliza. Vijana wa vijiji vya njiani wakichukuliwa kama vibarua wa kubeba kokoto, miaka mitatu, wakaachwa, tutakuwa tumerudi kwenye frasila mbili bila hata heshima ya kirangozi. Mkandarasi akitakiwa kutoa idadi fulani ya nafasi za uanagenzi, na malipo yake ya kipindi yakasubiri orodha ya waliopimwa na VETA, wakuu wa kambi watajifunza kuandika barua za uthibitisho haraka sana.

Fedha ya hayo mengine haihitaji mfadhili. Halmashauri ya Urambo hukusanya ushuru wa tumbaku, ambao kwa mazao ya biashara ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 mwaka 2017, na bado ni mapato ya uhakika kuliko mengi. Kila mwaka hutenga pia asilimia 4 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vijana, sehemu ya ile asilimia 10 ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo hupewa vikundi ambavyo mara nyingi havijawahi kuona biashara vinayoiombea mkopo ikifanyika. Kikundi chenye watu waliokwisha kukaa wiki nane karakanani kingekopesheka kwa usingizi mzuri zaidi. Kumlipa mshauri mmoja wa taaluma kwa kata mbili tatu, mtu asiye na vipindi vya darasani, anayewajua mafundi kwa majina na anayejua tarehe za mfumo wa TAMISEMI, ni gharama ambayo ushuru wa AMCOS chache unaweza kuibeba.

Wilaya hii imewahi kutoa Spika wa Bunge na Waziri wa Elimu kutoka nyumba moja, ya Samuel na Margaret Sitta, kwa hiyo hatuwezi kusema hatukuwa na wa kutusemea juu. Jambo lenyewe ni la chini, la baraza la madiwani. Bajeti ya halmashauri hujadiliwa mwanzoni mwa mwaka, wakati ule ule vijana wa kidato cha nne wako bani wakingoja matokeo, na diwani wa kata anaingia ukumbini na orodha ya madaraja na visima. Mstari wa mshauri wa kata ukiwemo kwenye orodha hiyo Januari, wahitimu wa Novemba inayofuata watamkuta kazini.